Simu Mbili Ndani ya Sanduku la Shule

Tulizifungia simu ndani ya sanduku la shule, lile la bati la samawati ambalo binti yangu alikuwa amerudi nalo nyumbani katikati ya muhula. Yake iliingia kwanza, kioo kimepasuka pembeni. Yangu ikafuata. Mama mkwe wangu akabana kufuli mpaka likalia, akauchomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la leso yake kwa lile fundo la vitu vya maana, akasema, "Sasa tutaona mtoto ni nani hapa."

Alikuwa ananitazama mimi, si mjukuu wake. Damu ilinipanda. Hasira zangu ziko karibu, yeyote anayenijua upande huu wa Litein atakwambia, lakini yule ni mama wa mume wangu na huwezi kumjibu hivi hivi. Nilichukua sufuria nikaenda kuiosha, na ilikuwa safi tayari.

Wacha nieleze tulivyofika hapo. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Walimu walipiga simu tuje tumchukue kwa sababu alikuwa anaanguka, mara gwarideni, mara darasani, na chakula hataki. Mume wangu alikuwa Mulot, ambako hununua na kuuza ng'ombe, kwa hivyo nilienda peke yangu. Nilimkuta langoni amekalia sanduku lake, mashavu yamebonyea, na alipofungua mdomo kunisalimia aliufunika kwa kiganja. Nikamuuliza, ni jino? Akatingisha kichwa. Njia nzima mpaka nyumbani alizungumza kiganja kikiwa mdomoni.

Hospitalini hawakuona malaria wala upungufu wa damu. Walitupeleka kwa mshauri, mama mmoja wa sauti ya chini, mwenye subira ambayo mimi sikujaliwa. Huko ndiko niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba wakati wa likizo binti yangu alijirekodi akicheza densi katikati ya shamba letu la chai, ikawa moja ya zile video fupi ambazo kila mtu hutazama siku hizi, akaiweka huko zinakowekwa. Watu wasiomjua wakamtafuna. Walicheka fizi zake. Walicheka miguu yake. Mmoja aliandika kwamba sasa ameelewa kwa nini chai ya huku ina uchungu, na wengine wengi wakaongeza vicheko vyao chini yake. Yeye akawa anarudi kuyasoma kila alipopata nafasi. Simu haziruhusiwi shuleni, lakini yake alikuwa ameingia nayo ndani ya soksi.

"Nimechoka kuwa mimi," alimwambia mshauri.

Alisema akiangalia sakafu, bila kulia, vile mtu husema unga umeisha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe. Nilitaka kumshika mkono, nikajikuta nimeshika mkoba wangu.

Mshauri alitupa maneno mawili ya kwenda nayo nyumbani. La kwanza, hizo video zikome, zote, kwanza apumzike. La pili, asiachwe peke yake. Awe na mtu karibu, mtu wa kukaa naye tu. Akianza kula na kulala vizuri atarudi shuleni, kwa sasa hapana. La kwanza nililishika kama amri ya Mungu. La pili niliitikia tu, "Sawa, daktari," kwa sababu kwetu hakuna mtu anayekaa peke yake, au ndivyo nilivyofikiri.

Tulipokuwa tunainuka, binti yangu akasema nyuma ya kiganja, "Na Mama je?"

"Mama afanye nini?" mshauri akauliza.

"Yeye hutazama kuliko mimi."

Nyani haoni kundule. Nilitaka kujitetea. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama nikipika, natazama nikikamua, na simu ilikuwa inaenda nami chaini ndani ya mfuko wa aproni ya plastiki. Mtu anaanguka mtaroni, nacheka. Mchungaji anafoka. Mwanamke anaonyesha jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye kochi, nami sina kochi. Mbwa anacheza. Kidole kinasukuma, kingine kinakuja. Maziwa yalichemka yakamwagika mpaka mama mkwe akaacha kusema. Na usiku sikulala vizuri, moyo ulikuwa unanidunda bila sababu, nikasema ni umri.

Kulikuwa na jambo lingine, dogo, ambalo nilikuja kulielewa baadaye. Tangu akiwa mdogo, binti yangu huwa anaita kutoka chumba kingine, "Mama, uko?" Hana haja na kitu. Anataka kujua tu. Zamani nilikuwa najibu, "Niko," naye anaendelea na mambo yake. Siku za simu nilikuwa najibu, "Mm." Basi akawa anauliza mara mbili. "Mama, uko?" Mm. "Mama. Uko?" Na mimi nikawa namfokea kwamba masikio yake yamejaa nini.

Kwenye benchi la nje ya hospitali tulikula kiapo. Yeye ndiye aliyekitunga. "Ukiacha, naacha," aliniambia. "Lakini ukirudi, Mama, na mimi narudi. Usiniambie ni kuangalia kidogo."

Nikasema sawa. Mume wangu tulipompigia alituma kabambe kutoka Mulot, ile simu ndogo ya vitufe na tochi, ili apate kutusikia. Mama mkwe akawa mlinzi wa ufunguo. Na sanduku likawekwa chini ya dirisha la chumba cha mbele, ambapo kila mtu angeliona akipita.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuacha video ni ugonjwa wa kidole. Nilitarajia kichwa kiume au moyo uhuzunike. Kumbe ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Nikikaa kinasukuma hewa. Kanisani kinasukuma kitabu cha nyimbo. Nikimwaga chai kwenye kikombe nakiona kimeinuka kando kinatafuta kioo. Nilikuwa mkali kama siafu. Nilimgombeza ng'ombe kwa kupiga mkia, nikagombana na mama mkwe juu ya mboga ambayo kwetu Kisii tunaita chinsaga na watu wa mume wangu, Wakipsigis, wanaita isakek, tukakosa kuongea mpaka jioni kwa mboga ambayo wote wawili tunaipika namna moja. Binti yangu alikuwa anatuangalia. Naye vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti.

Sasa, kuna kazi moja ambayo kidole gumba hufanya siku nzima bila kuambiwa, na mimi nimeifanya tangu utotoni. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, nikajua kuchuna majani kabla ya kujua kusoma. Unakamata kichipukizi kati ya kidole gumba na cha shahada, unavunja, unatupa nyuma kikapuni. Majani mawili na jicho la katikati. Kidole kinasukuma, kingine kinakuja. Mwajua ninakoelekea.

Asubuhi moja nilishindwa kukaa. Binti alikuwa jikoni na uji mbele yake, hajaugusa, nami nimeketi kando yake kama mshauri alivyosema. Nilikuwa nasikia mwenyewe kidole changu kikikwaruza meza. Nikainuka, nikachukua kikapu. "Naenda kuchuna kidogo," nikamwambia. Nilipoingia katikati ya miche na kuanza kuvunja, kifua kilifunguka. Kwa mara ya kwanza tangu kufuli lifungwe nilipumua mpaka chini. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kesho yake nikarudi. Na kesho yake.

Mtu wa chai anajua kosa langu kabla sijamaliza kulisema. Shamba la mkulima mdogo lina mzunguko. Ukichuna leo, unaiacha miche ipumzike, ipandishe tena, na wewe unafanya kazi nyingine. Ndiyo maana tuna ufito: fimbo nyembamba iliyonyooka, unailaza juu ya meza ya mche, yaani ule ubapa wa juu. Kilichoinuka kupita fimbo, vunja. Kilicho chini, wacha kikue. Mtoto wa shule ya msingi anajua hivyo. Mimi ufito niliuacha umeegemea banda la ng'ombe. Nikimaliza sehemu ya juu nashuka ya chini, nikimaliza ya chini narudi juu, na nikikosa majani mawili nachukua moja, na nikikosa moja nachukua jicho lenyewe likiwa bado limejikunja. Mvua ilikuwa nzuri msimu huo, chai ilikuwa inajitahidi, maskini, nayo kila ikitoa kitu kidogo inanikuta nimesimama hapo.

Nilikuwa najisifu. Hilo ndilo linaloniuma. Mwanamke wa jirani aliponiuliza naendeleaje bila simu nilimwambia ni rahisi, ni kuamua tu. Jioni nilirudi nimechoka, nikala, nikalala kama gogo. Nikasema, tazama, nimepona. Binti alikuwa anakula vijiko viwili vitatu na kwenda chumbani, nami nikaona ni afadhali kuliko mwanzo. Mchana alikuwa ndani na nyanya yake, na nyanya yake ana ng'ombe, ana kuku, ana mikutano ya akina mama wa kanisa. Sikuuliza nani alikuwa naye saa ngapi.

Karani wa kituo cha majani, pale lori la kiwanda huchukulia chai yetu, ndiye aliyenishtua kwanza. Alimwaga kikapu changu juu ya gunia kukagua, akapitisha mkono. Kijana mpole huyo, huwa hana maneno.

"Mama, haya majani ni laini sana," alisema.

"Si ndivyo mnavyotaka?"

"Ni mazuri. Ni vile tu hayakuwa yanataka kuja leo."

Watu wa foleni walicheka. Nilikusanya kikapu changu nikaondoka nimenuna, lakini nilikuwa nimejua. Badala ya kurudi nyumbani nikapitia shambani, kujiambia kwamba anadanganya. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama huko juu, fimbo yake ya kutembelea mkono mmoja, ule ufito wangu mkono wa pili. Alikuwa ameulaza juu ya mche mmoja. Hakuna kilichofika kwenye ufito. Niliangalia mstari wote, mpaka kwenye ua. Vijiti vya kahawia, majani magumu ya zamani, na hapa na pale kidonda kibichi mahali nilipovunja jana. Mashimo ya ile chai yalichimbwa na marehemu mume wake kwa mikono, na hilo hakulisema. Angelisema ingekuwa nafuu.

"Nani anakufukuza?" aliniuliza.

"Hakuna."

"Hii ni kuchuna ya mtu anafukuzwa."

Nilimwambia kwamba nilikuwa naacha simu, kwamba yeye hajui inavyokuwa, kwamba angalau sitazami. Nilimwambia kwa sauti ya juu, kwa mama wa mume wangu, Mungu anisamehe. Alingoja nimalize. Kiswahili chake na changu vyote ni vya kuokota, tumevitumia miaka yote kupikia na kugombania, na siku hiyo hakuhitaji kingi.

"Simu umeacha, naona," alisema. "Lakini wewe bado hujafika nyumbani. Mtoto alikuwa anaita asubuhi. Anaita, Mama, uko? Mimi ndiyo najibu. Mimi si mama yake."

Niliruka majivu nikakanyaga moto, na mwanangu nilimwacha kwenye moto huohuo. Yale maneno mawili ya mshauri yalinirudia hapo katikati ya chai iliyokwanguliwa, na lile la pili nikalisikia sasa kama kwamba ananiambia sikioni. Asiachwe peke yake.

"Yuko na nani sasa?" nikauliza.

"Amelala. Nilimwacha amelala."

Nilitelemka mbio, kikapu kinanipiga mgongoni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sanduku lilikuwa limevutwa kutoka chini ya dirisha mpaka katikati ya chumba. Kufuli lilikuwa limefungwa bado, zima kabisa, lakini bawaba za nyuma zilikuwa zimefunguliwa skrubu kwa kisu cha jikoni, na kisu kiko sakafuni. Niliingiza mkono. Simu yangu ilikuwepo. Yake haikuwepo. Na yeye hakuwepo.

Nikaita. Nikaingia chumbani kwake, kitanda kimetandikwa vizuri, na kule kutandikwa vizuri ndiko kulikonitisha. Binti yangu hatandiki. Nikatoka nikazunguka choo, banda, nyuma ya jiko. Nikaita tena. Chini ya shamba letu kuna mto, si mkubwa, lakini mvua ilikuwa imeujaza na ulikuwa unasikika mpaka juu. Kila siku unasikika na sijawahi kuusikiliza. Sasa ndio uliokuwa ukisikika peke yake. Nilikuwa nakumbuka sauti yake akimwambia mshauri amechoka, ile sauti ya unga umeisha, na nikawa nakimbia kuelekea mtoni nikipasua miche, viatu vya mpira vinateleza, naita jina lake kama mwendawazimu.

Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale juu, ambapo barabara yote inaonekana. Aliinua fimbo na kuonyesha, si mtoni. Barabarani. Kituo cha majani.

Lori lilikuwa limeshapita na kila mtu ameondoka. Kile kibanda ni nguzo na mabati tu na benchi la mbao, na binti yangu alikuwa juu ya hilo benchi, miguu pamoja, simu mkononi. Nilipomwona mzima nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Halafu nilitaka kulala chini. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilisimama nguzoni nikihema.

"Umevunja," nilisema. Ndilo neno la kwanza lililonitoka, na ni neno baya.

"Nimevunja," alikubali. "Nilitaka kujua kama bado wanacheka."

"Wanacheka?"

Aliinua simu anionyeshe. Kioo kilikuwa cheusi. "Haina chaji."

Bila shaka haikuwa na chaji. Ilikuwa imelala ndani ya sanduku siku zote hizo. Alikuwa ametandika kitanda, amefungua skrubu moja baada ya nyingine kwa kisu, ametembea mpaka hapa ambapo mtandao ni mzuri, na kitu chenyewe kilikuwa kimekufa. Alikuwa ameketi nacho hivyo hivyo akijiangalia kwenye kile kioo cheusi. Kiganja hakikuwa mdomoni, nadhani kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Nikaketi kando yake. Kidole changu kilianza kusukuma hewa juu ya goti, nikakikalia, nikakibana chini ya paja langu kabisa, na alikiona.

"Mama," alisema, "mimi nilifikiri tukiacha tutakuwa tunakaa."

"Tunakaa wapi?"

"Tunakaa tu. Wewe na mimi." Akavuta kamasi. "Simu nilikuwa nimezoea, ile ya kuambiwa mm. Nikasema, angalau ni simu. Sasa simu hakuna na wewe hauko. Nikaona labda basi ni mimi."

Nimetukanwa katika maisha yangu, na nimefiwa. Hakuna kilichowahi kunichoma kama lile "labda basi ni mimi." Nililia pale kituoni mchana kweupe, mbele ya barabara, boda boda zinapita na watu wanageuza shingo. Nilimwambia si yeye. Nilimwambia mara nyingi, kwa namna mbaya, bila mpangilio. Nilimwambia kwamba nilikuwa naogopa kukaa kando yake kwa sababu nikikaa nasikia lile neno alilomwambia mshauri, na simu ilinisaidia nisisikie, na chai ikanisaidia, na ningepata kitu cha tatu nacho kingenisaidia. Hakusema amenisamehe. Alisema amehisi njaa.

Tulirudi. Nilimpikia ugali na ile mboga yenye majina mawili, na alikula nusu sahani, mimi nikimtazama mpaka akaniambia niache kumtazama.

Chai ilinilazimisha yaliyobaki. Hapakuwa na cha kuchuna, wala hapangekuwepo kwa muda, na mume wangu aliporudi kutoka Mulot akaona shamba, alivua kofia akasimama kama mtu aliyefika matangani. Hakunigombeza. Aliuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia yuko ndani na mimi natoka kuchukua maziwa narudi kwake. Akavaa kofia.

Basi nikakaa. Sidhani kuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kuliko ile. Watu husema kukaa bure; mimi sikuona bure yoyote. Tunaketi jikoni, moto unawaka, yeye hasemi, mimi sisemi, kidole kinataka kutoka ngozini. Siku nyingine nilikuwa nahesabu mabati ya paa. Siku nyingine tuligombana vibaya, akaniambia nimekaa kama askari jela, nikamwambia na yeye amekaa kama mfungwa, tukanuniana. Lakini sikuinuka. Akiita kutoka chumbani najibu niko. Akiita tena najibu tena. Polepole akaanza kusema vitu, vidogo, vya shule, jinsi fulani anavyokoroma bwenini. Alikuwa akisema kiganja kikishuka mpaka kidevuni, kinapanda tena.

Siku moja akaniletea simu yake, ameichaji. Moyo uliniruka. Akasema anataka kuifuta ile video, lakini hawezi kuiona peke yake. Tukaketi mlangoni kwenye mwanga. Ilipofunguka ule mng'ao ulinipiga usoni na kidole changu chenyewe kikainuka, nakiri, kilikuwa kimeshapaa. Nikakishika kwa mkono wa kushoto. Halafu nikamwona mwanangu katikati ya chai ya babu yake, anacheza, anacheka kwa meno yote na fizi zote, miche imenawiri mpaka kiunoni. Sikuwahi kuiona. Nilikuwa nimetazama watu wote wa dunia isipokuwa huyo. Chini yake maneno, marefu, nilianza kuyasoma na hasira zikanipanda, nikaanza kutafuta mahali pa kuandika.

"Usiwajibu, Mama."

"Huyu wa uchungu wa chai nataka nimjibu."

"Mama."

Nikaacha. Akabonyeza, ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza tena, na video ikaondoka. Akaniletea na yangu, nayo ameichaji, nikaondoa pale pale kile kitu kizima nilichokuwa natazamia video. Hakikulia wala hakikupiga kelele. Kilichobaki ni picha ya ng'ombe wetu niliyoiweka nyuma ya kioo zamani, na nilikuwa nimeisahau.

Mshauri alipomwona tena alizungumza naye muda mrefu, mimi nikiwa nje. Mshauri alitoka akasema mtoto anaweza kujaribu shule. Alisema kujaribu, na nikalishika neno hilo kama lilivyo.

Mume wangu alirudisha bawaba za sanduku kwa skrubu mpya. Mama mkwe akafungua fundo la leso, akampa mjukuu wake ufunguo mkononi, akasema neno la Kikipsigis ambalo wote wawili walikataa kunitafsiria. Asubuhi ya kuondoka mimi nilikuwa nje, nimelaza ufito juu ya mche wa karibu na nyumba. Machipukizi yalikuwa yameanza kuufikia, machache, mengi yakiwa bado chini. Kidole kilikuwa kinawasha. Chumbani nilisikia sanduku likifungwa, halafu kimya.

"Mama, uko?"

"Niko."

Nilisimama pale na ufito mkononi, nikingoja aulize mara ya pili. Hakuuliza.